Vanishi ya udi na gitaa ikigoma: anza na dalili

Ala yenye vanishi mbovu ikifika mezani kwangu, mimi huuliza mambo mawili kabla sijaishika: ilipakwa mikono mingapi, yaani tabaka ngapi za vanishi, na siku hiyo hewa ilikuwaje. Majibu hufanana. Mikono saba au nane, na ilikuwa masika. Kazi yangu ni Unguja, ambako kipimo cha unyevu kikishuka chini ya asilimia 65 mtu anatamani kukipiga picha, kwa hiyo mengi ya haya yana harufu ya pwani. Fundi wa Arusha au Nairobi ana afueni kwenye unyevu, lakini kwenye unene wa vanishi sote tunakosea sawasawa.

Nimepanga kwa dalili zinazoletwa mara kwa mara kwenye ala za nyuzi zilizotengenezwa kwa mkono: udi, gitaa, kanuni, fidla. Chanzo cha kawaida kinatangulia, cha nadra kinafuata. Usiruke kwenda chini. Wengi hukimbilia msasa mahali ambapo kitambaa kikavu na siku mbili za kusubiri vingetosha.

Kwanza, juu ya mbao kuna nini?

Tiba ya sheleki (vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti) huharibu laka (inayoyeyushwa kwa thina), na tiba ya laka haigusi poliurethani (vanishi ngumu ya plastiki), kwa hiyo ujue unachoshika. Tafuta mahali pasipoonekana: ndani ya kichwa cha vigingi, au chini ya kisigino cha shingo. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti kali, gusa, hesabu mpaka kumi. Pakinata, ni sheleki. Pasipobadilika, rudia kwa thina pembeni kidogo. Pakilainika, ni laka ya nitroselulosi, ile ambayo mafundi samani huiita klia. Thina nayo ikishindwa, una poliurethani, klia ya magari, au vanishi ya mafuta iliyokwisha komaa. Na kama tone la maji linanyonywa na mbao inakuwa nyeusi palepale, juu hakuna kitu, au kuna mafuta tu.

Kwa ala mpya, mimi huchagua hivi. Uso wa udi, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, hupata sheleki nyembamba, au haupati kitu kabisa. Mgongo na mbavu hupata sheleki, au laka kama mwenyewe anasafiri nayo sana. Shingo hupata vanishi ya mafuta iliyofutwa kwa kitambaa, isiyong'aa. Ubao wa mpingo unaobonyezewa nyuzi haupakwi vanishi hata siku moja. Vidole vitaichimba ndani ya mwezi. Ukiona gambusi au nyatiti, ngozi yake iache kama ilivyo. Vanishi hukausha ngozi na kuipasua.

Dalili: imekuwa nyeupe, kama ukungu umeingia ndani

Hii ndiyo inayoongoza pwani. Spiriti au thina inaporuka hupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani unatua hapo kama unavyotua kwenye glasi ya maji ya barafu. Vanishi inakauka juu yake, na maji yanabaki yamefungiwa.

Chanzo cha kwanza, basi, ni hali ya hewa ya siku ya kupaka. Nunua kipimo cha unyevu, hata kile kidogo cha bei ndogo. Kikisoma asilimia 75 na kuendelea, funga chupa. Asubuhi huwa pabaya zaidi kuliko mchana, kwa hiyo mimi hupaka kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana, na kazi kubwa naiweka miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Mteja akitaka gitaa lake kabla ya Mei kwisha, namwambia atalipata Julai.

Chanzo cha pili ni spiriti yenyewe, na hiki huwaponyoka wengi. Spiriti ya duka la dawa ya kusafishia vidonda mara nyingi ni asilimia 70, maana yake asilimia 30 iliyobaki ni maji. Ukiyeyushia sheleki humo umejipakia ukungu kwa mkono wako. Inatakiwa asilimia 95 na zaidi. Kama lebo haisemi, dondosha matone mawili juu ya kioo kisafi uyaangalie. Iliyo kali huondoka yote. Iliyochanganywa huacha kitone cha maji nyuma yake. Spiriti za viwandani huwa zimetiwa methanoli, ambayo ni sumu inayopita hata kwenye ngozi, kwa hiyo vaa glavu na fungua madirisha.

Chanzo cha tatu ni thina inayoruka haraka mno, kwa wanaopuliza laka. Cha nne, nadra, ni mbao yenyewe kuwa bado na maji, au gundi iliyopakwa jana.

Tiba inaanza kwa kutofanya kitu. Weka ala chumba kikavu, iwe ni chumba chenye kiyoyozi au kabati lenye balbu, siku mbili tatu. Ukungu mwepesi huondoka wenyewe. Ukibaki na vanishi ni sheleki, chukua kifurushi cha pamba ndani ya kitambaa cha fulana ya zamani, kitie spiriti kali kidogo sana, kiasi cha kukitia ubaridi tu bila kukilowesha, halafu pitisha juu kama ndege anavyogusa maji: shuka ukiwa unatembea, inuka ukiwa unatembea. Ukisimama, kitambaa kinanata na kung'oa kila kitu. Kwa laka, pulizia ukungu mwembamba wa ile thina inayoruka polepole ambayo maduka ya rangi za magari huiuza kwa jina la ritada, siku kavu, mara moja tu. Weupe ukiwa umeshuka mpaka kwenye mbao na mbao imebadilika rangi, hayo ni maji yaliyoingia kwenye ufa au kwenye kiungo. Acha hapo, mpelekee fundi wa ala.

Dalili: wiki imepita na bado inanata

Bonyeza ukucha mahali pa siri. Ukiacha alama ya mwezi mchanga, haijakauka.

Kama ni sheleki, chupa ni nzee. Sheleki ni utomvu wa wadudu wadogo, na nyingi hutoka India na Thailand. Ikiwa magamba makavu hudumu, lakini ikishayeyushwa kwenye spiriti huanza kuharibika, na kwenye joto letu sitegemei chupa iliyopita miezi sita. Jaribio lake ni tone moja kwenye kioo. Kama kesho yake ukucha unazama, mwaga chupa yote. Usijidanganye kwamba mkono mwingine wa juu utaikausha ile ya chini. Ala iliyokwisha pakwa huna njia ila kuifuta kwa spiriti na kuanza upya, na ushukuru kwamba sheleki inafutika.

Kama ni vanishi ya mafuta, angalia mti. Mvule, mtiki na mpingo zina kemikali na mafuta ya asili yanayozuia vanishi ya mafuta kukauka. Futa mbao kwa kitambaa chenye thina, paka ndani ya nusu saa, au bora zaidi anza na mkono mwembamba wa sheleki isiyo na nta kama kizuizi. Chanzo kinachofuata ni unene: juu kumefanya utando, chini bado ni uji. Na vanishi za fidla za mafuta zinahitaji mwanga wa jua ili zikomae. Waundaji wake huzitundika juani au kwenye kabati lenye taa za urujuanimno. Chumba chenye giza kitakuweka mwezi mzima. Jua la pwani nalo usilipe mwaliko kamili. Nusu saa ya asubuhi, chini ya uangalizi, kisha kivulini. Udi wa mbao nyembamba ukiachwa juani saa saba mchana utafungua viungo.

Halafu kuna mafuta yasiyokauka kabisa. Mzee mmoja mpiga udi alinijia na udi wake umefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mzee. Umeupaka nini?"

"Marahaba, fundi. Mafuta ya nazi tu, ung'ae ung'ae kwa harusi."

Ulikuwa umeng'aa kweli, na vumbi la harusi zote za mwaka ule lilikuwa limeganda juu yake. Mafuta ya nazi hayakauki, ukiyasubiri leo au mwakani. Ya alizeti yanajikokota. Yanayofaa ni ya kitani yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya kukausha, au ya mti wa tungi. Hata ya kitani mabichi yatakuchosha. Udi ule nilifuta kwa tapentaini mara tano, nikibadilisha kitambaa kila mara, na uso wake ambao ulikuwa mtupu ulibaki na doa la kahawia mpaka leo. Mafuta yakishaingia kwenye mbao laini za uso hayatoki yote.

Dalili: inapendeza, lakini sauti imekufa

Hapa kosa ni langu mwenyewe, kwa hiyo nalieleza kwa urefu. Udi wangu wa tatu niliupaka poliurethani mikono sita, uso na mgongo, kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye milango na vitanda, na kwenye kitanda mikono sita ni kazi safi. Ulimeta kama kioo cha duka. Nilipofunga nyuzi, sauti ya chini ilikuja kama mtu anayepiga mlango akiwa amevaa soksi mkononi.

Uso wa udi una unene wa milimita moja na nusu mpaka mbili. Unatakiwa kutikisika. Vanishi unayoongeza ni uzito, na ikiwa laini ni godoro pia: inameza mtikisiko badala ya kuuacha upite. Mgongo unavumilia zaidi, uso hauvumilii.

Angalia kwa kitu rahisi kabla ya kulaumu vanishi: nyuzi kuukuu, daraja (kipande cha mbao usoni kinachobeba nyuzi) lililoinuka, boriti ya ndani (kijiti kinachoimarisha uso) iliyoachia. Gonga uso kwa kifundo cha kidole ukisikiliza mlio wa kukatika au kutetemeka kusiko kwa kawaida. Hiyo ni boriti, na boriti ni ya fundi wa ala. Kama vyote vizima, pima vanishi pembeni mwa tundu la sauti, pale ukingo unapoonekana. Kipimo changu ni karatasi ya kuchapia, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Vanishi ya uso ikifika unene huo imeshazidi.

Sheleki na laka unaweza kupunguza kwa msasa namba 600 wa maji, ukitumia maji machache sana, au tapentaini badala ya maji kwenye sheleki. Poliurethani niliikwangua kwa kipande cha chuma chembamba siku nne, na kwenye sehemu mbili niliingia kwenye mbao. Kwa sababu hiyo siwezi kukushauri ufanye hivyo kwenye ala unayoipenda. Siku hizi uso wa udi naupaka sheleki mikono miwili, gramu 120 kwa lita moja ya spiriti, basi.

Dalili: vishimo vya mviringo, vanishi inakimbia

Umepaka vizuri, na ndani ya dakika vanishi inajikunja kutoka kwenye vidoa kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Karibu kila mara ni silikoni. Inatoka kwenye dawa ya kung'arishia dashibodi, kwenye polishi ya samani, kwenye mafuta ya nywele yaliyobaki mikononi. Chanzo cha pili ni mafuta ya kompresa, kwa wapulizaji: pulizia hewa tupu kwenye kioo utaona ukungu wake.

Simama palepale. Ukiendelea kupaka unaisambaza silikoni ala nzima. Futa vanishi ikiwa bado mbichi, safisha kwa tapentaini na vitambaa vipya, subiri ikauke, halafu weka mkono mwembamba wa sheleki isiyo na nta. Sheleki hukaa juu ya silikoni mahali vingine vinakataa. Kama fundi jirani anapuliza magari ukuta wa pili, hamisha kazi yako, hilo sitalirembesha.

Dalili: inabanduka kama ngozi ya jua

Poliurethani imepakwa juu ya sheleki yenye nta, au juu ya mkono uliokwisha kauka na kung'aa bila kupigwa msasa. Bandika utepe wa karatasi, ubonyeze, uvute kwa mkupuo. Ukitoka na vanishi, hakuna kiraka kitakachoshika, yote iondolewe. Kwenye mpingo na mtiki chanzo ni mafuta ya mti, na tiba ni ile ya hapo juu.

Dalili: rangi ya mti imechafua mapambo meupe

Miti ya rangi nzito, mpingo na jamaa zake hasa, utomvu wake huyeyuka kwenye spiriti. Unapitisha kitambaa kutoka kwenye mbavu nyeusi kwenda kwenye mstari mweupe wa pembeni, na mweupe unakuwa wa zambarau. Paka mapambo meupe kwanza peke yake kwa brashi nyembamba, mikono miwili, kisha ndiyo ushike mbavu. Lililokwisha chafuka hukwanguliwa kwa wembe, taratibu.

Dalili: nyufa

Washa tochi ya simu ndani ya tundu la sauti, zima taa za chumba. Mwanga ukipita kwenye ufa, ni mbao iliyopasuka na vanishi haihusiki. Legeza nyuzi leo, usimimine gundi yoyote ya haraka, mpelekee fundi. Gundi ya haraka humwagika, huganda, na fundi atatumia siku mbili kuiondoa kabla hajaanza kazi yenyewe.

Mwanga usipopita, nyufa ni za vanishi. Nyembamba nyingi zinazokatisha mbao maana yake ilikuwa nene, au ala imetoka kwenye kiyoyozi kikali kwenda kwenye buti la gari. Laka ya nitroselulosi ina tabia hiyo uzeeni na wapo wanaoipenda. Iache. Nyufa zinazofuata uzi wa mbao ni dalili kwamba mbao inasinyaa chini, na vanishi mpya haitazuia.

Dalili: daraja limeng'oka na kuacha vanishi safi chini yake

Aliyelibandika aligundisha vanishi, si mbao. Chini ya daraja panatakiwa mbao tupu. Gitaa la nyuzi za chuma huvuta zaidi ya kilo 70 kwa jumla, kwa hiyo usijaribu na misumari wala skurubu ndogo. Hii ni ya fundi, na ukimkuta anataka kubandika tena juu ya vanishi ileile, tafuta mwingine.

Dalili: mahali mkono unapoegemea pamelainika

Jasho na joto hula sheleki polepole, hilo ni la kawaida na hutengenezwa kwa dakika kumi. Linaloshangaza watu ni vitakasa mikono. Vina pombe, na pombe ndiyo inayoyeyusha sheleki. Tangu 2020 nimeona alama za vidole zilizozama kabisa kwenye vanishi. Manukato hufanya vilevile. Mkono ukauke kwanza, ndipo ushike ala. Shingo inayonata tu bila kulainika isugue kwa pamba ya chuma iliyo laini kuliko zote mpaka mng'ao ufe, na mkono utateleza.

Mahali pa kuacha kabisa

Klia ya magari inayochanganywa kutoka makopo mawili ina isosianati, kemikali ambazo zinaweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Ukiitaka, mlipe fundi wa rangi za magari mwenye chumba cha kupulizia na barakoa inayoletewa hewa safi. Vumbi la mninga, mvule na mpingo nalo huwasha pua na ngozi. Vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa.

Ala ya zamani usiiguse. Fidla au udi wa kikundi cha taarabu, wenye vanishi iliyokunjamana na karatasi ya mtengenezaji ndani, thamani yake iko kwenye vanishi ileile unayotaka kuikwangua. Piga picha, funga kwenye kitambaa cha pamba, muulize fundi wa ala anayefahamu vitu vya kale.

Kila mwaka hujitokeza mtu anayetaka kupika mwenyewe vanishi ya sandarusi, utomvu wa mti ulioganda ardhini, kwa kuwa ni yetu. Ni kweli ni yetu: karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa pwani ya bara ilipita Unguja kwenda Salem, Massachusetts, huko Marekani, ikawa vanishi ya wenzetu. Lakini sandarusi ngumu hulazimika kuyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 300 kabla ya kukubali mafuta, na mvuke wake unawaka. Jiko la uani halifai.

Na vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti. Vianike nje kwenye kamba, kimoja kimoja, mpaka viwe vikavu kama samaki wa ng'onda, ndipo utupe.